Akisi ya pikipiki ikigoma kutoka: mazutu kwanza, nyundo baadaye

Mpira wa nyuma umetoboka, mteja ameshuka na kutafuta moto ingine, na motari anasukuma pikipiki yake hadi kwa fundi wa karibu. Ekru inafunguka bila taabu. Kisha fundi anagonga ncha ya akisi mara moja, mara mbili, mara kumi, na akisi haisogei hata kidogo. Motari anatazama saa, sababu jioni patro anangoja versema yake, mpira utoboke au usitoboke. "Piga tu, itatoka," anasema. Fundi anaongeza nguvu. Baada ya robo saa akisi ingali mahali pake, lakini ncha yake imefumuka kama uyoga, na meno yanayoshika ekru yamelala. Kazi ya kubandika mpira imegeuka kazi ya siku nzima.

Hakuna parking ya wamotari isiyojua habari hiyo, kuanzia Bunia na Butembo hadi Goma, Bukavu na Uvira. Kisichojulikana sana ni kile kinachotendeka ndani ya gurudumu. Tena wengi wanadhani shida inaisha siku akisi inapotoka. Mara nyingi hatari yenyewe inaanza kesho yake, pikipiki inaporudi barabarani na abiria wawili mgongoni, huku ekru ikiwa imekaa juu ya meno yaliyokufa.

Nini inashika akisi?

Akisi ni ule mti wa chuma unaopita katikati ya gurudumu, wenye kichwa upande mmoja na meno upande mwingine. Kwenye pikipiki ndogo zinazobeba watu katika mikoa ya mashariki, yaani TVS, Boxer, Haojue na zinazofanana nazo, unene wake ni milimita 12 hadi 15 hivi. Inapita kwenye mkono mmoja wa nyuma, kifuniko cha freni, rulema ya kwanza, bomba dogo lililofichwa katikati ya gurudumu, rulema ya pili, kisha mkono wa pili. Ekru ikikazwa, vitu hivyo vyote vinabanwa pamoja na kuwa kama kitu kimoja. Gurudumu linazunguka juu ya gololi za rulema. Akisi yenyewe haitakiwi kuzunguka.

Kati ya akisi na vitu inavyopita ndani yake mna nafasi ndogo sana, kama unene wa unywele. Maji yakiingia humo, chuma kinafanya kutu, na kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inavimba, inajaza ile nafasi, inabana. Akisi iliyoingia kwa kusukumwa na kidole gumba inatoka kwa nyundo, ama haitoki.

Maji yanafikaje huko? Mvua na matope ya barabara ni jibu la kwanza, na msimu wa mvua huku mashariki ni mrefu. Jibu la pili wengi hawalifikirii: kuosha pikipiki mtoni au ziwani mara tu baada ya safari. Gurudumu limetoka kushuka mlima, freni imechemka, hewa iliyo ndani imepanuka. Likitumbukizwa katika maji baridi, ile hewa inajikunja ghafula na kuvuta maji ndani kupitia mipira ya kuzuia maji. Motari anaondoka na pikipiki inayong'aa, na maji yamebaki yakifanya kazi yao polepole. Kungoja freni ipoe kabla ya kuosha hakugharimu hata franka moja.

Mjini Goma kuna tena vumbi la mawe ya volkano. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na njia nyingi za mitaa zimelala juu ya mawe ya namna hiyo. Vumbi lake ni gumu na lenye makali. Likichanganyika na grisi ya zamani, linakuwa kama karatasi ya msasa.

Kutu haiko peke yake. Ekru ikiwa legevu, duara la ndani la rulema linaanza kuzunguka juu ya akisi badala ya kutulia. Linaitafuna, linachimba mfereji, na ukingo wa mfereji huo unainuka kidogo. Wakati wa kutoa, ukingo unakwama kwenye rulema kama mfupa kooni. Pia kuna akisi iliyopinda kwa sababu ya mizigo: magunia ya makala, mabidoni, watu watatu juu ya kiti kimoja, shimo baada ya shimo. Akisi iliyopinda haipiti katika rulema mbili zilizonyooka, hata ikimwagiwa mafuta ya dunia nzima.

Ndiyo maana fundi mwenye kujua anaanza na ufunguo, si na nyundo. Ekru ikishalegea, anashika kichwa cha akisi na kujaribu kukizungusha. Ikizunguka bure lakini haitoki, ni mfereji au ni kupinda. Isipozunguka kabisa, ni kutu, na dawa ya kutu ni subira.

Kuitoa bila kuiharibu

Kwanza ni usafi. Brashi ya chuma inaondoa matope yote kuzunguka ekru na kichwa cha akisi, na gupiye, ile pini inayozuia ekru kufunguka, inatolewa nzima. Kuzungusha ekru juu ya meno yaliyojaa mchanga ni kuyasaga kwa mkono wako mwenyewe. Kisha mazutu, ikiongezwa mafuta kidogo ya moteri. Inapenya vizuri, na inapatikana kila mahali. Anayeweza kununua chupa ya dawa ya kutu kama WD-40 ni sawa, lakini anayekosa hana sababu ya kukata tamaa. Inatonwa kila mahali akisi inapoingia na kutoka, kidogo kidogo, mara nyingi. Pikipiki inaweza kulazwa upande mmoja ili mafuta yashuke, kisha upande wa pili. Kabla ya kuilaza, esansi inafungwa na betri inatolewa.

Halafu kungoja. Saa mbili tatu ni kidogo. Usiku mzima ni bora. Hapa ndipo motari na fundi wanagombana, kwa sababu usiku mmoja ni versema moja. Lakini hesabu inayofaa kufanywa ni ingine: akisi mpya, ekru mpya, pengine rulema mbili, na siku ya pili bila kazi. Patro mwenye akili anakubali usiku mmoja.

Kitu kimoja kuhusu mazutu kinasahaulika sana. Ikishuka hadi kwenye ngoma ya freni, garnitiri zinainywa na freni inapoteza nguvu. Kwa hiyo gurudumu likishatoka, ngoma inapanguswa kwa kitambaa chenye esansi kidogo, mbali na moto, na garnitiri zinapitishwa msasa. Zikiwa zimelowa hadi ndani, zinabadilishwa. Anayeshuka kutoka Kanyabayonga au kwenye miteremko ya Bukavu hahitaji kuelezwa zaidi.

Asubuhi, ufunguo tena. Kichwa cha akisi kinazungushwa kidogo mbele, kidogo nyuma, bila kulazimisha. Kikitoa mlio wa kukwaruza, ni habari njema, kutu imeanza kuvunjika. Anaongeza mazutu, anaendelea. Mara nyingi akisi inaachia hapo hapo, bila nyundo.

Ikibidi kupiga, ekru haiondolewi kabisa. Inarudishwa mpaka uso wake ulingane na ncha ya akisi. Hivyo pigo linagawanyika juu ya meno yote ya ekru, na ncha haifumuki. Wengine wanatumia ekru ya zamani kwa kazi hiyo, ni vizuri zaidi. Juu yake kinawekwa kipande cha mti mgumu, cha shaba au cha aliminiamu. Nyundo yenyewe iwe nzito. Fundi wengi wanachukua nyundo ndogo wakidhani wanaihurumia akisi, kumbe nyundo ndogo inafumua ncha tu bila kusogeza kitu, na nyundo ya kilo mbili, ikipigwa mara moja kwa utulivu, inasukuma. Mtu wa pili anaegemeza kipande cha mti kwenye mkono wa pikipiki ulio upande wa kichwa cha akisi, akikiacha kichwa chenyewe huru, ili mkono usipinde. Akisi inatoka kuelekea upande wa kichwa chake. Linaonekana jambo la wazi, lakini kuna akisi zilizopigwa kichwani nusu saa nzima.

Ekru ikishafika kwenye mkono wa pikipiki, inaondolewa, na chuma kingine chembamba kuliko akisi, cha milimita 10 kwa akisi ya 12, kinaisukuma hadi mwisho.

Moto ni hatua ya mbali. Unasaidia, sababu aliminiamu inapanuka karibu mara mbili kuliko chuma, na kifuniko cha freni cha aliminiamu kikipata joto kinaachia akisi. Lakini joto hilo hilo linayeyusha grisi ya rulema na kuchoma mipira yake. Anayetumia moto ajue kwamba rulema ataweka mpya. Tanki ya esansi inatolewa kwanza, inawekwa mbali, na mazutu yote yanapanguswa. Kuweka mbabula yenye makala chini ya pikipiki yenye esansi si ufundi.

Na ikikataa kabisa? Basi inakatwa. Jani la msumeno wa chuma linaingizwa kati ya mkono wa pikipiki na gurudumu, upande huu na upande ule, na gurudumu linatoka na kipande cha akisi ndani yake. Inaumiza moyo, lakini akisi inauzwa dukani kila mji. Mkono wa pikipiki uliopinda kwa kupigwa haunyooki vizuri tena, na pikipiki itavuta upande mmoja maisha yake yote.

Meno yaliyolala

Tuseme akisi imetoka, lakini mtu alishapiga ncha yake kabla. Inatengenezeka au haitengenezeki? Kwanza inaviringishwa juu ya kioo cha dirisha. Ikirukaruka, imepinda, na hapo mazungumzo yameisha, inanunuliwa nyingine. Ikiwa na mfereji unaosikika kwa ukucha mahali rulema inapokaa, ni vilevile.

Ikiwa imenyooka na ni meno machache ya nje tu yaliyoumia, inatengenezeka. Uyoga wa ncha unaondolewa kwa tupa, na ukingo unalazwa kidogo ili ekru ipate mlango. Kisha inatafutwa filieri, kile chuma cha duara kinachochonga meno ya nje, ya saizi kamili. Kosa la saizi linaua akisi nyingi kuliko nyundo. Akisi ya milimita 12 mara nyingi ina meno ya pasi 1.25, na ya 14 mara nyingi ni 1.5, lakini haifai kukisia. Rula ya mwanafunzi inatosha: meno manane ya pasi 1.25 yanajaza milimita 10, na manane ya pasi 1.5 yanajaza milimita 12. Au ekru nzuri inayojulikana inazungushwa kwa vidole. Ikiingia mizunguko miwili kisha ikagoma, si yake. Fundi anayeikaza kwa ufunguo mrefu anasikia imekaza kweli, lakini hakuna inachoshika. Inachonga meno mapya juu ya yale ya zamani, na yote mawili yanabaki nusu.

Filieri inazungushwa na mafuta, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili vumbi la chuma litoke. Asiye na filieri ana njia ingine ya mafundi wa zamani. Ekru nzuri ya saizi ile ile inakatwa vipande viwili kwa msumeno. Vipande hivyo vinawekwa juu ya meno mazima ya ndani, vinabanwa, kisha vinazungushwa kuelekea nje. Vinafuata njia ya meno mazima na kuyainua yale yaliyolala. Tupa ya pembe tatu inamalizia jino moja moja. Kazi hiyo inanyoosha meno yaliyolala tu. Meno yaliyokatika hayafufuki.

Mpaka uko wapi? Ekru ya milimita 12 ina urefu wa milimita 10 hivi, yaani inashika meno manane. Ikiwa yote manane ni mazima baada ya kutengenezwa, na ekru ikikazwa ncha ya akisi inatokeza nje kwa jino moja au mawili, akisi inarudi kazini. Ikiwa yaliyokufa yako pale pale ekru inapokaa, akisi ni ya kutupwa. Wengine wanaongeza rondele mbili tatu ili ekru ikae mbele ya sehemu iliyokufa, na mwishowe inashika kwa meno matatu ya ncha.

Pikipiki nyingine hazina ekru mbele: akisi inajifunga ndani ya mguu wa aliminiamu wa fourche. Meno ya humo yakiisha, gundi haifai. Fundi wa turu anapanua tundu, anachonga meno mapya kwa taro, na kuingiza kikombe cha chuma chenye meno ya saizi ya zamani ndani yake. Ikifanywa vizuri, inaweza kushinda aliminiamu ya kwanza.

Ekru ya kuchomelewa

Ni hapa ndipo maisha ya watu yanapochezewa. Meno yakiisha na versema ikingoja, mtu anasema: "Tupige sudiri." Ekru inachomelewa juu ya akisi, dakika tano, bei ndogo, na pikipiki inaondoka. Inaonekana ngumu kuliko zote. Lakini akisi si chuma cha dirisha. Imepewa nguvu zake kiwandani kwa moto uliopimwa, na sudiri inayeyusha chuma kwa joto linalozidi digrii 1,400. Mahali palipo kando ya sudiri panapoa ghafula, panakuwa pagumu na pakavu kama kioo, na mpasuko unaanzia hapo, kwenye shina la jino, mahali jicho haliwezi kuona. Inakatika siku yake, na siku hiyo huwa na mzigo juu yake.

Tena umeme wa sudiri unatafuta njia ya kurudi. Ikiwa pensi ya masi imeshikishwa kwenye shasi, umeme unapita katika gololi za rulema na kuzichoma vidoa vidogo. Mwezi mmoja baadaye rulema inalia na hakuna anayekumbuka kwa nini. Na sheni itakapolegea, motari hataweza kuivuta tena, kwa kuwa akisi haifunguki. Mpira utakapotoboka, ni msumeno.

Chuma cha kujengea nyumba kilichochongwa meno, au buloni ndefu ya kawaida kutoka kwenye duka la misumari, viko katika kundi hilo hilo. Vinafanana na akisi kwa macho tu. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa hospitalini usiku hana namna ya kujua ni kipi kinachoshika gurudumu chini yake. Anayejua ni fundi na motari.

Kurudisha

Kabla akisi haijaingia, kutu yote inasafishwa kwa msasa laini, ndani ya lile bomba la katikati pia. Bomba hilo lisiachwe mezani. Kuna gurudumu linalozunguka bila bomba sababu fundi aliona "haina kazi", wakati kazi yake ni kuzuia rulema zisifinywe ekru inapokazwa. Akisi inapakwa grisi nyembamba, mwili wote. Hakuna duka lisilouza grisi, na kidole kimoja kinatosha. Ni jambo la dakika tano kila mpira unapotolewa, na likifanywa kila mara, habari yote ya mazutu na msumeno inakuwa ya watu wengine.

Ekru yenye duara la nailoni ndani haishiki milele. Ikizunguka kwa vidole hadi mwisho, imechoka. Ekru ya gupiye inataka gupiye mpya, si msumari wala waya. Inakazwa kwa ufunguo wake, 17, 19 au zaidi kulingana na pikipiki, bila kuongeza bomba refu la kuzidisha nguvu. Gurudumu linazungushwa kwa mkono, freni inajaribiwa, sheni inaangaliwa. Baada ya nusu siku ya kwanza barabarani, ufunguo ule ule unarudi juu ya ekru. Ikizunguka robo kabla ya kukaza, inakazwa na kuangaliwa tena kesho asubuhi. Ikizunguka tena kesho, motari hapandishi mteja. Anarudi kwa fundi, na akisi inatolewa tena, safari hii kwa urahisi.